Sikio la Nelima

Aliyekosa gazeti la wiki jana ajue hivi: Nelima, binti wa miaka kumi na saba, alipigwa teke la sikio la kushoto kwenye fainali ya kung fu hapa mjini Eldoret, na tangu siku hiyo sikio hilo halisikii. Mama yake, Lynette Adongo, ndiye mwalimu wake. Na mama huyo amesema uongo.

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Aliwaambia watu kwamba Nelima hakulalamika hata kidogo, kwamba alitaka mwenyewe kuingia raundi ya tatu, na kwamba kama kuna mtu wa kulaumiwa basi ni refa ambaye hakusimamisha pambano.

Ukweli ni huu. Baada ya raundi ya pili Nelima alirudi kwenye kona, akamshika mama yake mkono, akamwambia, "Mama, sikio linalia. Nitoe."

Lynette akamwekea kiganja kifuani. "Pumua," akamwambia.

Nelima akapumua. Mara tatu, polepole, puani, jinsi alivyofundishwa tangu akiwa darasa la nne. Kisha akarudi ulingoni, akashinda, akavishwa medali, akaanguka nayo shingoni.

Neno hilo moja ndilo lililokuwa likimtafuna Lynette, maana juu ya neno hilo alikuwa amejenga maisha yake yote. Ujana wake alicheza kung fu kule Kisumu, akawa msichana wa kuvunja mbao kwa kisigino. Kisha nyonga ikamkataa. Mhudumu mmoja wa mazoezi ya viungo akamfundisha yoga ili imsaidie kutembea, na Lynette akagundua kwamba mwili unaojua kutulia hupiga vizuri kuliko mwili wenye hasira. Akavichanganya viwili hivyo, na mumewe Wasike alipofariki, mchanganyiko huo ukawa ndio kazi yake na ndio malezi yake.

Kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa mtaani Huruma, watoto thelathini walianza kwa kusimama kama mti, mguu mmoja umeegemea paja la mwingine, macho ukutani. Ndipo wakaingia mkao wa farasi, magoti yamekunjwa, ngumi kiunoni, hadi mapaja yatetemeke. Mwisho wakalala chali wasitikisike. Jina la mkao huo wa mwisho ni maiti, lakini kina mama walilikataa katakata, kwa hiyo Lynette akauita kulala kimya.

"Pumua kwanza, ngumi baadaye," ndivyo alivyozoea kusema. Wazazi waliipenda kauli hiyo. Ilisikika kama kauli ya mtu ambaye hawezi kumuumiza mtoto.

Wiki jana tulimwacha ameshika kalamu. Mwenyekiti wa wazazi, Edinah Kavetsa, karani mwenye mwandiko mzuri na moyo wa haraka, alikuwa ameandika barua kwa kamati ya mchezo akitaka refa Waweru afungiwe maisha. Alimwekea Lynette barua hiyo magotini pale kwenye benchi la hospitali. Akamwambia ni kwa ajili ya Nelima.

Lynette alitia saini.

Jumatano, Waweru alibisha mlangoni.

Alikuwa peke yake. Alivua viatu kizingitini bila kuambiwa, akaingia na soksi, akaketi kwenye ukingo wa kochi kama mtu anayengoja kuitwa. Aliuliza hali ya mtoto. Lynette akamwambia Nelima ameenda kwa rafiki yake, na sikio bado. Akainuka akampikia chai, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Waweru alieleza kwa ufupi. Yeye ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji. Habari za ile barua zilikuwa zimefika huko hata kabla haijapelekwa kwa kamati. Wazazi wa shule walisema mtu aliyeacha msichana apigwe hadi awe kiziwi hawezi kuachiwa watoto wao, na mkuu wa shule akamwomba akae nyumbani, hata shule zikifunguliwa, mpaka kamati iamue. Aliyasema haya bila kupandisha sauti. Lynette angefurahi kama angepandisha.

"Sikuja kugombana, Mwalimu," Waweru alisema. "Nataka kukuuliza kitu kimoja, halafu niende."

Lynette aliweka kikombe mezani.

"Kabla ya raundi ya tatu nilikuja kona yako. Nikakuuliza, mtoto ako sawa? Wewe uliniambia nini?"

Siku ile ukumbi ulikuwa umejaa vuvuzela na vigelegele. Hakuna mtu wa tatu aliyesikia. Waweru alijua hivyo, na Lynette pia alijua. Angeweza kusema hakumbuki, na mambo yangeishia hapo, maana neno la mama wa mtoto aliyeumia lina uzito kuliko la refa.

"Nilikuambia ako sawa," Lynette alisema.

Waweru alifumba macho kidogo. Akasema asante. Alisema siku hizo zote alikuwa ameanza kuamini kwamba pengine hakuuliza, kwamba alidhani tu ameuliza, na mkewe naye alikuwa ameanza kumtazama hivyo. Hakumwomba Lynette aende akaseme popote. Alivaa viatu vyake, akaomba Nelima asalimiwe, akaondoka bila kuigusa chai.

Jioni hiyo Lynette alimketisha binti yake. Alikaa upande wake wa kulia, kama alivyokuwa amejifunza kukaa siku hizo, akamweleza kila kitu kuhusu Waweru. Akamwambia kwamba Jumamosi kutakuwa na mkutano wa wazazi, na kwamba atasimama aseme ukweli.

Alitarajia Nelima atalia, au atamkumbatia. Hakufanya hata moja.

"Usiseme, Mama."

Lynette akauliza kwa nini.

Ndipo akajua jambo ambalo hakuwa amelijua. Siku ya kwanza hospitalini, wakati yeye amekwenda kutafuta dawa, Gerishon Mabonga alikuwa amekuja kutoka Turbo. Gerishon ni kaka mkubwa wa marehemu Wasike, mkulima wa mahindi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Aliwaomba wageni wengine watoke, akafunga mlango, akamuuliza Nelima nani alimrudisha ulingoni. Akamwambia kwamba kama ni mama yake, basi atamchukua akae Turbo, kwa sababu ndugu yake hakumwachia mtoto ili aje avunjwe.

"Nilimwangalia machoni," Nelima alisema. "Nikamwambia wewe ulitaka nitoke, mimi ndio nilikataa. Nikaapa. Sasa ukisimama huko useme ingine, mimi nitakuwa nani kwake?"

Lynette alimkumbusha kwamba kuna mtu amepoteza kazi. Nelima akavuta uzi kwenye mkono wa sweta yake. Kisha akasema watu wazima hawakosi njia. Lazima kuna namna ya kumsaidia refa bila Mama kujitaja.

Lynette aliitafuta namna hiyo siku mbili nzima. Aliitafuta akifua, akifagia, akiwa sokoni mbele ya rundo la sukuma wiki. Haikuwepo. Ama refa aliambiwa mtoto yuko sawa, ama hakuambiwa. Hapakuwa na chumba katikati ya maneno hayo mawili ambamo mtu angeweza kujificha.

Jumamosi wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki, watoto wakawekwa nje. Edinah alisimama na barua yake, akaisoma kwa sauti hadi mwisho, na watu wakapiga makofi. Alikuwa anakunja karatasi ndipo Lynette akainuka.

Alikuwa amepanga maneno mengi. Yote yakamtoroka.

Alisema tu kwamba Nelima aliomba kutoka, na yeye akamwambia apumue, akamrudisha. Alisema refa alimuuliza, na yeye akamjibu mtoto yuko sawa. Alisema alitaka medali ile. Alisema jina lake liondolewe kwenye barua.

Edinah alibaki ameshika karatasi nusu imekunjwa, uso umemwiva kwa aibu, kwa sababu yeye ndiye aliyemtetea Lynette nyumba kwa nyumba. Alipofungua mdomo, alimuuliza Lynette mbona alimwacha aandike. Edinah akaipasua barua, vipande akavitia mkobani badala ya kuvitupa chini, akakaa.

Aliyezungumza baada yake alikuwa George Okello, fundi wa majokofu, ambaye binti zake wawili walikuwa wanafunzi wa siku nyingi. Alikuwa mtu wa mzaha kila Jumamosi. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mwalimu, na hawa wetu," alisema, "umewaambia wapumue mara ngapi?"

Lynette alitafuta jibu la kweli. Akakumbuka vifundo vya miguu, vidole, mbavu, mtoto mmoja aliyekuwa akilia kwenye farasi na yeye akapita nyuma yake akimhimiza polepole. Alikumbuka mengi. Akasema hajui.

Okello alitoka nje, akawaita binti zake kwa majina, wakaenda. Wengine wakafuata, bila ugomvi, kila mmoja akirudisha kiti chake ukutani. Ilikuwa jambo la ajabu, heshima ile ya kurudisha viti.

Jambo jema moja lilitokea. Kabla ya saa sita Edinah alikuwa ameandika barua nyingine kwa kamati na kwa shule, ya kumsafisha Waweru, na Jumatatu refa huyo alirudishiwa kazi yake. Lynette alipata habari hizo kwa watu. Waweru mwenyewe hakupiga simu, wala Lynette hakumlaumu.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Habari zilikuwa zimemtangulia, zimepitia kwenye kundi la simu la wazazi, na Nelima alikuwa ameketi mezani na simu imelazwa kifudifudi mbele yake.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," Nelima alisema.

Lynette akamwambia hakuweza.

"Umejitua mzigo, Mama, ukanitwika mimi."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Alipokuwa anatembea kutoka ukumbini alikuwa amejisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu fainali. Alikuwa hata amepumua vizuri.

Gerishon alikuja Jumapili baada ya ibada, bado amevaa koti la kanisani. Alikaa, akaomba maji, akayanywa yote. Alisema ameambiwa na watu wawili tofauti, na wote wameambiwa na waliokuwepo, kwa hiyo haulizi kama ni kweli. Kilichomuuma, alisema, ni kwamba mtoto wa ndugu yake amejifunza kuapa uongo akimtazama mtu machoni, na hilo hakulijua kabla.

Lynette alijaribu kumwambia kwamba uongo ule ulikuwa wa kumlinda yeye.

"Ndio hiyo shida, shemeji," Gerishon alisema. "Mtoto hapaswi kuwa mlinzi wa mzazi."

Akasema atamchukua Nelima likizo iliyobaki, na muhula wa tatu akiona hali haijabadilika atamtafutia shule Turbo. Lynette alijiandaa kubishana. Ana haki zake, ni mama mzazi, hakuna aliyempokonya mtoto. Aligeuka kumtafuta Nelima, ili wasimame pamoja wabishane.

Nelima alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Begi lilikuwa mgongoni. Alikuwa amelipanga kabla Gerishon hajafika.

Lynette akawafungulia mlango.

Pale nje Nelima alimkumbatia, haraka, kama mtu anayekumbatia mgonjwa. "Mama, ule chakula," alimwambia. Kisha akapanda kwenye pikapu ya baba yake mkubwa, akaketi akigeukia dereva ili amsikie kwa sikio lake zima, na Lynette akaona kwamba mkao huo ulimfanya aipe nyumba mgongo.

Hapo ndipo ilipoanza wiki ambayo Lynette hapendi kuizungumzia.

Alisonga ugali wa watu wawili siku tatu mfululizo kabla mkono haujajifunza. Aliendelea kukaa upande wa kulia wa kochi, ule wa kumwezesha Nelima kusikia, na hapakuwa na mtu wa kusikia. Siku ya Jumatatu alipata kujua kwa jirani kwamba Gerishon alikuwa amemleta Nelima mjini kupimwa tena sikio, kisha akamrudisha Turbo. Hawakupita nyumbani. Hospitali hiyo haiko mbali na kwake. Mtu akitembea bila haraka anatumia dakika ishirini.

Jumanne kulikuwa na kipindi chake cha yoga mtaani Elgon View, kwa kina mama sita waliokuwa wakikutana kwenye veranda ya mmoja wao. Asubuhi hiyo aliletewa ujumbe kwenye simu. Uliandikwa kwa adabu sana. Ulisema wangependa kupumzika kidogo kwa sasa, na kwamba wanamwombea yeye na mtoto.

Alimpigia Nelima kila siku alasiri. Nelima alipokea kila mara, na hilo pekee Lynette alilishukuru, lakini majibu yalikuwa ya kuhesabu. Ameshakula. Mvua imenyesha. Mahindi yameanza kukauka ila ya kuchoma bado yapo. Sikio liko vilevile. Kisha, "Sawa Mama, wacha nisaidie hapa."

Jumamosi aliwahi ukumbini kama kawaida. Alifagia, akapanga mikeka safu tano. Watoto wanne walikuja, na kati ya hao, wawili waliletwa na shangazi ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka safarini na hakuwa amesikia lolote. Mtu akampigia simu shangazi huyo, akarudi kuwachukua. Waliobaki wakaangaliana. Lynette akawaambia waende tu nyumbani, leo hakuna masomo.

Mchungaji aliingia Lynette akiwa bado anakunja mikeka. Ni mtu mpole, na kwa miaka mingi alikuwa amesimama upande wake kila wazee wa kanisa walipouliza pumzi ile ya macho yaliyofumbwa inaelekezwa kwa mungu yupi. Alikuwa akiwajibu kwamba pumzi ni ya Mungu aliyeipuliza. Sasa alisema, huku akitazama dirishani, kwamba wazee wamekaa tena, na kwamba safari hii hakupata la kuwajibu. Akaomba ufunguo. Akamwambia achukue muda wake, amalize, auache tu mlangoni.

Kwa hiyo Lynette akamaliza.

Alivua viatu, akasimama katikati ya ukumbi mtupu, akaanza mapigo yake ya zamani, yale aliyoyajua kabla ya nyonga, kabla ya ndoa. Mapigo hayo unayacheza peke yako, lakini unatakiwa kumwona adui mbele yako, kila ngumi iwe na uso wa kuuendea. Alipiga, akageuka, akakinga. Hakuona mtu yeyote. Alikuwa anapiga hewa ya ukumbi wa kanisa.

Akaacha. Akalala chali, mikono kando, macho yamefumbwa, akajaribu kulala kimya, mahali ambapo akili inatakiwa kuwa tupu. Hapo ndipo wote walipokuja. Okello na swali lake. Edinah na vipande vyake vya karatasi mkobani. Waweru na soksi zake. Wasike, ambaye alikuwa hajamwona kwa miaka mingi. Nelima na begi mgongoni.

Aliinuka, akafunga mlango, akauacha ufunguo palepale.

Alikuwa amedhani huo ndio mwisho wa kushuka. Amesema ukweli, amelipa alichodaiwa na ukweli huo, na sasa kilichobaki ni kukaa chini mpaka watu wachoke na habari zake. Alifikiri hivyo kwa siku tano.

Alhamisi hospitali ilipiga simu. Majibu ya vipimo vya Jumatatu ya wiki iliyotangulia yalikuwa tayari, na kwa kuwa faili lilikuwa na jina lake kama mzazi, daktari alitaka kuonana naye.

Daktari Seline alikuwa mwanamke wa makamo, anayeongea akiangalia mtu na si karatasi. Alieleza kwamba siku ya kwanza sikio lilikuwa limevimba na lina damu, hawakuweza kuona ndani vizuri. Sasa wameona. Kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo ndani, kina tundu. Linaweza kuzibwa kwa upasuaji, na Nelima anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya usikivu wake. Lynette alishika ukingo wa meza kwa furaha.

"Lakini kuna kitu hakilingani, Mama Nelima," daktari akasema.

Lynette akangoja.

"Teke la fainali limeongeza madhara, siwezi kukudanganya. Ila tundu lilikuwepo. Kingo zake zina kovu, na kovu hilo si la wiki tatu. Hili ni jeraha la mwaka mmoja, pengine zaidi. Mara nyingi huwa ni kofi, kiganja kikifunika sikio lote." Akaweka kalamu chini. "Ni lazima niulize, kwa sababu ni mtoto. Nani alimpiga?"

Lynette alisema hakuna aliyempiga. Akasema labda mashindano mengine. Lakini mwaka jana hapakuwa na mashindano. Labda mazoezini, basi, mtoto mwenzake. Akaanza kuhesabu miezi nyuma kwa vidole, chini ya meza.

Aprili ya mwaka jana paa la ukumbi lilikuwa linatengenezwa. Klabu ilifungwa mwezi mzima. Hawakutaka kupoteza hali yao ya mazoezi, kwa hiyo walisukuma viti vya sebuleni ukutani, wakakunja zulia, wakafanya mazoezi wawili tu, mama na binti, kila siku. Asubuhi yoga, jioni kung fu. Ulikuwa mwezi mzuri kuliko yote tangu Wasike afe.

Akakumbuka jioni moja. Nelima alichelewa kukinga. Kiganja cha Lynette kilitua wazi, kikamfunika upande mzima wa kichwa, na sauti yake ilikuwa kama mfuko wa karatasi unaopasuliwa. Nelima alipiga goti. Kisha akacheka, akasema hakuna kitu. Na Lynette alifurahi. Alijisemea moyoni kwamba binti huyu ni mgumu kama yeye.

Upande ule ulikuwa wa kushoto.

"Ni mimi," Lynette alimwambia daktari. "Tulikuwa tunafanya mazoezi. Ni mimi."

Daktari Seline akaandika. Alisema tu kwamba kabla ya kupanga upasuaji atahitaji kuzungumza na Nelima mwenyewe, bila mtu mwingine chumbani, na Lynette akamwambia ni sawa.

Alitoka nje akakaa kwenye ukuta mfupi karibu na mahali ambapo watu huanika mablanketi. Jua lilikuwa kali. Alipiga simu Turbo.

Nelima alipokea. Sauti yake ilikuja na mwangwi, na nyuma yake kuku.

"Daktari amesema nini?"

Lynette alikuwa ameapa kutosema uongo tena, hata mfupi. Akamwambia tundu linaweza kuzibwa. Kisha akamwambia lingine. "Amesema sikio liliumia kabla ya fainali. Mwaka jana, mwezi wa nne."

Kuku walilia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Lynette akamuuliza mbona alinyamaza mwaka mzima. Mbona alikubali kwenda fainali na sikio bovu. Mbona hakumwambia mama yake.

"Ningekuambia, ungeacha," Nelima alisema. Sasa sauti ilikuwa ya mtoto, ile ambayo Lynette hakuwa ameisikia tangu begi lile. "Na ulikuwa na furaha, Mama. Tangu Baba afe sijakuona ukiwa vile. Tukiwa wawili tu pale kwa sitting room. Sikutaka iishe."

Lynette alifunika macho kwa mkono. Watu walipita mbele yake, wakadhani amefiwa, wakapunguza mwendo.

"Mama, nisikilize," Nelima aliendelea, haraka haraka. "Hii usimwambie Baba mkubwa. Hiyo ya fainali ameanza kuisahau. Jana alisema shule zikifunguliwa pengine nirudi. Lakini akijua hiyo ya kwanza ilikuwa mkono wako, nyumbani, hataniacha nirudi tena. Hata kukutembelea."

Lynette alitaka kumwambia kwamba imeshaandikwa kwenye faili. Kabla hajasema, alisikia kiti kikiburutwa sakafuni.

Ndipo alipoelewa mwangwi ule. Tangu fainali Nelima haweki simu sikioni, maana ikiziba sikio zima hasikii kingine chochote. Huilaza mezani, akaifungua spika, akaisikiliza kwa sikio lililobaki, na yeyote aliye ndani ya nyumba husikia.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya Gerishon, karibu kabisa na simu, haina hasira. "Nimeingia sasa hivi kutoka shambani, sijashika vizuri maneno ya mwisho. Mkono wa nani?"